Laptopu kama rubani: GPS ya safari kutoka Malindi hadi Mokowe

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalitaji: laptopu nyingi hazina GPS ndani yake. Ukifungua ramani ukaona nukta ya buluu imetua Malindi, hiyo imekisiwa kwa Wi-Fi au kwa anwani ya intaneti. Ukishavuka daraja la Sabaki inagoma palepale au inapotea. Unahitaji risiva ya GPS ya USB, kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye waya na sumaku chini yake. Zinazopatikana kwa urahisi ni GlobalSat BU-353 na zile za chipu ya u-blox, kama VK-162. Zote zinafaa kwa kazi hii.

Kama unaendesha peke yako, ishia hapa. Weka OsmAnd, programu ya ramani, kwenye simu, pakua ramani ya Kenya, na hiyo inatosha. Laptopu ni ya safari ya watu wawili au zaidi, mmoja akishika usukani na mwingine akiwa rubani. Dereva hatazami skrini, anasikiliza sauti tu. Rubani naye akae kiti cha nyuma na laptopu yake mapajani, kwa sababu mbele kuna mfuko wa hewa, na ukifumuka wakati kuna mashine mbele ya kifua, mashine ndiyo itakayokuumiza.

Faida ya laptopu ni ukubwa wa ramani. Kwenye simu unaona kona inayofuata. Kwenye skrini ya inchi 14 unaiona delta yote ya Tana kwa pamoja, na ukikuta barabara imekatika unajua papo hapo kama kuna njia nyingine au inabidi kurudi.

Programu mbili zinatosha, na zote ni za bure: QMapShack ya kupangia safari nyumbani, na Navit ya kukuongoza njiani. Ramani zake hutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na faili la Kenya nzima hupakuliwa kwenye tovuti ya Geofabrik, jina lake likiishia na .osm.pbf. Wengi hukwama hapa, wakidhani faili likishaingia kwenye mashine kazi imekwisha. Haijaisha. QMapShack inataka kwanza ulitengenezee hazina ya njia kwa kutumia Create Routino Database. Bila hatua hiyo utaziona barabara lakini programu haitajua kuziunganisha. Navit nayo hailisomi faili hilo moja kwa moja. Inataka la .bin, linalotengenezwa kwa chombo chake kiitwacho maptool. Fanya yote haya ukiwa na umeme na intaneti ya uhakika, siku mbili kabla ya safari, si asubuhi watu wakishakaa garini. Ukiuziwa diski kuukuu ya Streets & Trips ya Microsoft, iache: ramani zake ni za Marekani na Kanada, na Microsoft yenyewe iliachana nayo mwaka 2014.

Mipangilio ya Navit iko ndani ya faili la navit.xml. Tafuta sehemu za mapset, zinazotaja ramani ya kutumia. Inayotakiwa kuwa na enabled="yes" ni moja tu, ile inayoelekeza kwenye faili lako; ile ya mfano iliyokuja na programu igeuze iwe "no", la sivyo utafunguliwa mji wa watu huko ng'ambo. Kisha mstari wa gari (vehicle), unaoiambia Navit risiva iko wapi, ambao kwenye Windows huandikwa hivi: source="serial:COM4 baud=4800 parity=N data=8 stop=1". Namba ya COM, yaani jina ambalo Windows imeipa risiva, utaiona ndani ya Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine. Hiyo 4800 ni kasi ya mazungumzo kati ya risiva na mashine. BU-353 kwa kawaida huzungumza kwa 4800, na u-blox kwa 9600. Ukikosea, programu itapokea herufi za ovyo na kusema haioni GPS, nawe utairudisha risiva dukani bure.

Namba ya COM hubadilika ukichomeka risiva kwenye tundu jingine la USB. Chagua tundu moja, lipake tone la rangi ya kucha, na usilihame. Ukiona humo alama ya njano na maneno Code 10, aghalabu ni chipu ya zamani ya PL2303 ndani ya risiva iliyokataliwa na draiva mpya, programu ya kuiunganisha na Windows; weka draiva ya toleo la nyuma. Halafu kuna kioja ambacho kimewafanya watu wadhani wameingiwa na virusi: kishale cha mausi kinaruka huku na kule, madirisha yanajifungua yenyewe. Windows imeyaona maneno ya risiva ikadhani ni mausi ya kizamani. Ndani ya Device Manager, chini ya orodha ya mausi, utakuta Microsoft Serial BallPoint. Bonyeza Disable. Usibonyeze Uninstall, maana ukiwasha tena itarudi.

Kabla ya kuilaumu Navit, sikiliza risiva yenyewe. Fungua PuTTY, programu ya kusoma kinachotumwa na kifaa, chagua Serial, andika COM yako na kasi yake. Mistari itaanza kumiminika, na mmoja utaanza hivi:

$GPRMC,060512,A,0313.05,S,04007.14,E

Isome kwa utulivu. 060512 ni saa ya dunia, yaani 6:05 na sekunde 12. Kwetu ongeza tatu, inakuwa 9:05, saa tatu na dakika tano asubuhi. Herufi A maana yake imepata satelaiti na inajua ilipo. Ukiona V, bado inatafuta. Kinachofuata ni mahali: digrii 3 na dakika 13.05 kusini, digrii 40 na dakika 7.14 mashariki. Hapo ni Malindi mjini.

Hesabu hii ndiyo huwapoteza watu kuliko barabara mbovu. 0313.05 si 3.1305. Dakika zigawe kwa 60: 13.05 inakuwa 0.2175, kwa hiyo ni 3.2175, na 7.14 inakuwa 0.119, kwa hiyo ni 40.119. Ukiandika 3.1305 na 40.0714 umejipeleka kama kilomita 11 kaskazini-magharibi, ndani huko bara. Na ukisahau alama ya kutoa mbele ya 3.2175, au herufi S, programu itakuvusha ikweta na kukupeleka upande wa Mandera, zaidi ya kilomita 700. Ukitumiwa mahali kwa WhatsApp, uliza kwanza: ni digrii zenye desimali, au digrii na dakika?

Risiva iweke juu ya paa kwa sumaku yake, waya upite mlangoni kwenye mpira. Ukiiweka ndani ya gari, iwe kwenye dashibodi karibu na kioo, si chini ya kiti. Mara ya kwanza, au baada ya kukaa muda mrefu bila kutumika, ipe dakika chache ikiwa wazi chini ya mbingu. Chini ya mwembe mkubwa au banda la mabati itahangaika. Risiva za zamani nyingine huonyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma, kwa sababu hesabu ya wiki za GPS ilijirudia sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Mahali itakupa sawasawa. Ni tarehe tu iliyoharibika.

Umeme. Chaja ya laptopu ya wati 65 huvuta ampea 6 hadi 7 kwenye betri ya volti 12, pamoja na unaopotea njiani. Fyuzi ya tundu la kiberiti cha gari mara nyingi ni ya ampea 10 au 15, kwa hiyo laptopu pamoja na kifriji cha vinywaji kwenye tundu moja ni kuikaribisha fyuzi iungue. Kama laptopu yako inachaji kwa USB-C, nunua chaja ya gari inayotoa wati 65 kwenye tundu moja; zile zilizoandikwa 100 huenda zinagawanya kwa matundu matatu. Inveta ya wati 150, ya kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, nayo inafaa, ila inapoteza umeme na inapata moto. Washa injini kwanza, ndipo uchomeke. Msimu wa kaskazi usiache laptopu ndani ya gari lililofungwa. Betri ikipata joto kali inakataa kuchaji. Na kama mashine yako bado ina diski ya kuzunguka, mitikisiko ya barabara ya vumbi ya kuelekea lango la Sala, mbuga ya Tsavo Mashariki, itaiua. Weka SSD, diski isiyozunguka.

Sasa njia yenyewe. Malindi hadi Mokowe, bandari ya bara ya kuvukia kisiwa cha Lamu, ni kiasi cha kilomita 220: Mambrui, Gongoni, Marereni, kisha Minjila, ambako barabara ya Hola na Garissa inaachana na ya Lamu, halafu Garsen, Gamba, Witu, Hindi. Usiandike mwanzo na mwisho tu. Weka vituo vya lazima Minjila, Witu na Mokowe, na uchague njia ya haraka, si fupi. Ukichagua fupi, programu huona njia ya ng'ombe ndani ya delta, ikaihesabu kuwa barabara, na udongo mweusi wa huko ukilowa hata gari la magurudumu manne linazama. Programu pia haijui mafuriko. Mto Tana ukifurika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023, kipande cha upande wa Gamba hukatika na skrini itaendelea kukuonyesha lami safi. Piga simu kwa madereva wa mabasi ya Lamu kabla ya kutoka, na uulize kama kuna msafara wa polisi siku hiyo.

Mtego wa namna hiyohiyo uko upande wa bara. Ukiomba njia ya Malindi hadi Voi, unaweza kupitishwa lango la Sala na kukatiza Tsavo Mashariki. Ni njia halali, lakini ni mbugani: kuna kiingilio, na malango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kama hukukusudia kulala na ndovu, weka kituo cha lazima Mariakani upite barabara kuu.

Mwisho wa safari uandike Mokowe, si Lamu. Ukiandika Lamu, programu nyingine hukataa kukupa njia, nyingine huchora mstari juu ya maji. Gari linabaki bandarini. Hifadhi njia uliyopita kama faili la GPX, ambalo programu nyingi za ramani hulisoma, zima mashine, bandua risiva juu ya paa kabla hujashuka kwenye boti. Kule ng'ambo, mjini Lamu, kuta za mawe ni ndefu na vichochoro vyembamba kiasi kwamba GPS hukuweka nyumba ya jirani. Ulizia njia kwa mwenye punda.