Mgagani: mbegu mpya usiikimbilie

Mgagani ni mboga ya majani. Huku Lira, Uganda, wanauita akeyo. Ukishuka Kampala sokoni utausikia ejjobyo, na shemeji zangu wa Mbarara wanasema eshogi. Mimi nimelelewa kambini kwa Kiswahili cha askari, na kwetu ulikuwa mgagani, jina tulilolipata kwa mama mmoja wa Kitanzania. Ni mmea wa Afrika hii hii. Huota wenyewe penye boma la zamani la ng'ombe au jalalani, hukua, huchanua na kufa ndani ya miezi michache.

Wengi wanaujua kwenye sufuria tu. Ukianza kutoa maua wanaung'oa, kwa kuwa majani huwa madogo na machache. Ndiyo maana wengi hawajawahi kulitazama ua lake jioni, kileleni maua mapya yanapofunguka: petali nne nyeupe, nyingine zina wekundu kidogo, zimesimama juu ya vikonyo vyembamba, na katikati nyuzi ndefu zimejitokeza kama miguu ya buibui. Nimepanda mstari mmoja kando ya baraza kwa ajili hiyo tu. Mume wangu alicheka kwamba napamba nyumba kwa mboga.

Mwaka wa kwanza niliharibu kila kitu. Nilivuna mbegu mwezi wa saba, na mvua za mwezi wa nane zilipokolea nikazimwaga zote kwenye tuta nililolilimia vizuri, lenye samadi. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu yakaota magugu. Nikaamini nimevuna mbegu mbovu. Bibi jirani alipita, akachota udongo kwa vidole, akaziona mbegu zangu nyeusi, zimejikunja kama konokono wadogo, nzima kabisa.

"Mwanangu, hizi umezitoa lini?"

"Mwezi uliopita, bibi."

"Basi bado zimelala. Unazimwagia maji ya nini?"

Mbegu ya mgagani ikitoka kwenye ganda hailazimiki kuota kesho yake. Nyingi hutaka kupumzika miezi mitatu, hata sita, mahali pakavu. Sasa nikivuna mwezi wa saba naziweka kwenye chupa kavu kabatini mpaka mvua za mwezi wa nne, na ndani ya wiki moja tuta limejaa. Ukiwa na haraka, nunua mbegu za mwaka jana kwa mama anayeuza mboga. Muulize amezivuna lini kabla hujauliza bei.

Kosa langu la pili lilikuwa kuziacha juu ya ardhi. Mwanga huzizuia kuota, kwa hiyo zifunike, lakini kidogo tu, kama sentimita moja. Ukizifukia kama maharage hazitoki. Na usipande kitaluni kwa nia ya kuhamisha. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja na haupendi kusumbuliwa. Panda pale pale mmea utakapokaa, kisha punguza miche. Ya mboga naiachia kama kiganja kati ya mche na mche, ya maua naiachia mara mbili yake ili itanue matawi.

Jua la kutosha ni lazima. Huu ni mmea wa jua kama mahindi na mtama. Chini ya mwembe wangu ulirefuka, ukawa mwembamba, ukalala. Ukame kidogo utaustahimili. Maji yaliyotuama yatauua, na huko bondeni nimepoteza tuta zima kwa mvua ya siku mbili. Vidukari wakija chini ya majani, mimi nanyunyiza majivu ya jikoni asubuhi kukiwa na umande. Basi.

Kwa mche wa mboga, kata kichwa kabla ua halijafunguka, utatoa matawi mapya na utachuma wiki kadhaa. Hayo majani ni machungu, hilo halina ubishi. Yachemshe, uweke maziwa au odii, yaani karanga na ufuta uliosagwa, uchungu utapungua.

Kwenye mbegu ndipo watu wanapokosea zaidi. Wengi huvuna kwenye mche uliochanua mapema, kwa sababu ndio umekwisha kuharibika kwa mboga. Ukifanya hivyo kila mwaka, utabaki na mgagani unaochanua ukiwa na majani kumi. Mimi nafunga uzi mwekundu kwenye mche wenye majani mapana uliochelewa kutoa ua, na watoto wamekatazwa kuugusa. Maganda yake ni membamba na marefu, na ya chini huiva kwanza wakati juu bado kuna maua. Yakigeuka manjano yakate, usisubiri yakauke mtini, maana hupasuka na kumwaga kila kitu. Yaanike juu ya gunia kivulini.

Mwaka jana nilichelewa siku mbili tu. Mgagani wa mwaka huu umeota katikati ya njia ya kwenda chooni, na kila anayepita anaruka.