Je, ndago ni nyasi?

SWALI: Katika maelezo ya picha kwa somo la biolojia niliandika, "Ndago ni aina ya nyasi inayosumbua wakulima." Mwalimu mwenzangu amelikata neno "nyasi", anasema ndago iko kundi moja na mafunjo. Nani kasema kweli?

JIBU: Kwa lugha ya shambani hujakosea, Mwalimu. Mkulima anapolalamika kwamba nyasi zimemshinda, ndago imo humo humo. Lakini maelezo yako ni ya biolojia, na hapo mwenzako yuko sahihi.

Chukua shina la ndago lililochanua, ulizungushe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Utahisi pembe tatu. Likate: ndani limejaa, wala halina vifundo. Shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi lina uwazi kati ya kifundo na kifundo. Tazama na majani: ya ndago hujipanga safu tatu, ya nyasi safu mbili.

Ndiyo maana nyasi zimo katika familia ya Poaceae, na ndago katika Cyperaceae. Jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Cyperus, ambayo Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, aliiorodhesha mwaka 1753, ina mamia ya spishi. Imo Cyperus rotundus, ndago sugu ya mashambani, na imo Cyperus papyrus, yaani mafunjo ya Ziwa Victoria na Naivasha, yanayoweza kupita mita 4. Kimo kisikupoteze. Shina la mafunjo nalo lina pembe tatu, na magamba ya vishuke vyake (vishada vidogo vya maua) yamepangika safu mbili kama ya ndago.

Kwa upande wa sarufi, ndago ni ya ngeli ya I-ZI: ndago hii imeota, ndago hizi zimeota. Mafunjo ni LI-YA. Jina la kisayansi liandikwe kwa italiki, au lipigiwe mstari ukiandika kwa mkono. Cyperus kwa herufi kubwa, rotundus kwa ndogo.

Ningeandika hivi: "Ndago ni gugu la familia ya Cyperaceae linalofanana na nyasi. Linasumbua wakulima kwa sababu viazi vyake vidogo vimeungana chini ya udongo. Majani yakivutwa, viazi hubaki na kuchipua upya." Angalia kwamba vitenzi sasa vinafuata "gugu", si "ndago", kwa hiyo ni "linasumbua".