Swali la lugha: mtandao tunaukata, tunaumega au tunaugawa vipande?

Swali limetoka Iringa kwa kijana anayesoma uhandisi wa mawasiliano, nimelifupisha kidogo tu: "Kamwene mwalimu, shikamoo. Mwaka huu tunapeleka kazi zetu Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, na tumeambiwa mabango yote yawe ya Kiswahili. Kazi yangu inahusu randomu aksesi kwenye netiweki slaisingi, kichwa nimeandika 'Udhibiti wa ufikiaji holela katika ukataji wa mtandao pasiwaya'. Nilivyomsomea mama akaniuliza, kwa hiyo nyie ndo mnaotukatiaga mtandao? Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu, kamwene. Kwa wasomaji wengine, randomu aksesi ni namna simu au kifaa kinavyoomba kuingia mtandaoni bila kupangiwa zamu, na netiweki slaisingi ni kuugawa mtandao mmoja wa simu sehemu sehemu kwa matumizi tofauti. Mama kasikia sawasawa kabisa, kwa sababu kitenzi "kata" kikikaa karibu na huduma yoyote, maji, umeme, simu, maana yake ni moja tu, huduma haipo. Maji yamekata, umeme wamekata, mtandao umekata, hapo hata mtoto anajua leo hamna kitu. "Kata" ni ya mkate na muwa, kwa hiyo kwenye bango ukiandika "ukataji wa mtandao" watu wa Mbeya watakuja mezani kwako kulalamika bando zao ziliishaje, na wana haki.

Wapo wanaosema "mgao wa mtandao". Nayo hapana, sikio la Mtanzania likisikia mgao linafikiria mgao wa umeme, yaani leo nyie kesho sisi. Na "kumega" je, ukimega tonge limeshatoka kwenye ugali, ugali umepungua, na hicho sicho kinachofanyika, mnara unabaki ule ule, masafa yale yale, mitambo ile ile, ila ndani yake unawekewa mipaka ili kila aina ya matumizi iwe na sehemu yake yenye masharti yake.

Mi nakushauri "kipande", maana tayari tunalo kwenye ardhi. Mtu anasema nina kipande cha shamba Uyole, na hakuna anayeelewa kwamba hiyo ardhi imeng'olewa ikabebwa, ipo pale pale imepakana na ya jirani. Ukishuka Mbarali kipindi cha mpunga utaona vizuri zaidi nachokisema, mfereji ni mmoja na maji ni yale yale ila kuna majaruba, kila jaruba limezungushiwa kingo zake za udongo, mmoja anataka maji mengi kwa sababu ndo kapandikiza juzi, mwenzake kashaanza kukausha anasubiri kuvuna, huyu anapasua ukingo kwa jembe maji yaingie na yule anachota tope anaziba, na hakuna aliyechimba mfereji wake peke yake. Kipande cha mtandao ndo jaruba. Kwenye 5G vipande vina hadi namba za aina, 1 ni ya intaneti yenye kasi kama video, 2 ni ya mambo yasiyovumilia kuchelewa wala kukosea, 3 ni ya vifaa vingi vidogovidogo, mita na vihisi vya shambani na kadhalika. Kwa hiyo kitenzi ni "kugawa mtandao vipande", nomino "ugawaji wa mtandao kwa vipande". Mkiwa wenyewe maabara mkasema slaisi sina ugomvi, mbona slesi za mkate tunakula kila asubuhi, ila bango ni la watu wote.

Tuje kwenye "holela", hili limenigusa zaidi. Holela lina lawama ndani yake. Ujenzi holela, uchimbaji holela, utupaji taka holela, ukilisikia unajua kuna mtu kavunja utaratibu, halafu wewe umeliwekea "udhibiti" mbele yake, mtu atadhani kuna mgambo wanakuja. Simu inayoomba kuingia mtandaoni haijavunja chochote, inafanya kama ilivyoelekezwa. Neno lako ni "nasibu". Najua wengi wakilisikia wanawaza bahati nasibu, lakini watu wa utafiti wamelizoea siku nyingi, sampuli nasibu, kuchagua kwa nasibu, yaani kila kimoja kina nafasi bila upendeleo, na simu ndivyo inavyofanya, inajichagulia yenyewe bila kupangiwa. Ila angalia, usilichukue ukalipachike kwenye kumbukumbu ya kompyuta kisa kule nako wanasema randomu aksesi! Kule hakuna kubahatisha hata kidogo, maana yake unaweza kuchukua taarifa popote ilipo bila kufuata foleni. Jina moja la Kiingereza, mambo mawili tofauti, kwa Kiswahili tuyaache yawe mawili.

Na "ufikiaji" nao umewahi mno. Huku tunauliza umefikia wapi, unajibu nimefikia kwa shangazi, yaani umeshashuka, umeshapokelewa, begi lipo chini. Simu katika hatua hii haijapokelewa bado, ipo nje. Andika "uingiaji".

Hapa kuna neno ambalo hujaniuliza ila ndo litabeba bango lako, nalo ni hodi. Ile ishara ya kwanza simu inayoituma mnarani nimeona mahali wameiita "dibaji", jamani dibaji ni ya kitabu. Ile ni hodi. Mnara unatangaza orodha ya hodi, kwa kawaida 64, simu inachagua moja kwa nasibu inaipiga. Fikiria uko jikoni kwa mama, mlango wa mbele kuna mtu na wa nyuma kuna mtu, wote kwa sauti ile ile na kwa wakati mmoja wanasema "Hodi!", mama anasikia hodi moja anajibu "Karibu!", kila mmoja anajua kakaribishwa yeye, wote wanaanza kueleza shida zao, wakivurugana kabisa mama haambulii kitu, ila akimsikia mmoja anamtaja jina, "We mama Neema, ingia", hapo yule mwingine anaelewa kumbe siyo yeye, anasubiri kidogo halafu anabisha upya. Na ukibisha ukaona kimya kabisa unaongeza sauti, simu nayo inaongeza nguvu ya mawimbi. Hatua zote nne zipo mlangoni kwa mama, hodi, karibu, maelezo, kutajwa jina. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake pale Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa mwanzo kabisa wa namna hii na wakauita ALOHA, ambayo ni salamu ya Wahawaii! Wao wametumia salamu yao, sisi tunaogopaje hodi?

Kazi yako sasa inaeleweka kirahisi. Umeme ukirudi kijijini baada ya siku nzima, mita na vihisi mamia vinaamka kwa pamoja kila kimoja hodi hodi, na katikati yao kuna kifaa kimoja cha hospitali ambacho hakitakiwi kusubiri, lakini hodi peke yake haisemi ni nani anayebisha wala ni wa kipande gani. Toleo la 17 la viwango vya 3GPP, yaani ushirikiano wa kimataifa unaoandika viwango vya mitandao ya simu, lililokamilika 2022, ndilo lililoruhusu kutenga baadhi ya hodi kwa makundi ya vipande, hospitali ikawa na hodi yake ambayo mita haziigusi. Shida ni kwamba ukitenga nyingi na hospitali imenyamaza, zinakaa bure huku mita zinagongana kwenye zilizobaki, ukitenga chache nayo inagongana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo lazima kuwe na anayeangalia na kurekebisha. Huko siyo kudhibiti, kudhibiti ni kubana, lingefaa kama mnara ungekuwa unakataza baadhi ya vifaa visibishe kabisa. Hapa unasimamia.

Kwenye sentensi hodi iache kwenye ngeli ya i-/zi-, "hodi hizi mbili zimegongana", "hodi 10 zimetengwa", na vipande ni ki-/vi- kama kawaida. Pasiwaya iache, iko sawa.

Bango liandike hivi: "Usimamizi wa uingiaji nasibu katika mtandao pasiwaya uliogawanywa vipande", na chini yake kwa herufi kubwa weka swali moja, "Wakibisha hodi wote kwa pamoja, nani afunguliwe kwanza?" Msomee mama tena kabla hujapeleka kuchapisha, akikuuliza kuhusu hospitali ujue limekaa.