Jibu: Kumpikia nyumbani mbwa aliyenenepa kupita kiasi

Umeeleza kwamba mbwa wako jike, aliyefungwa kizazi, amefikia kilo 26, kwamba daktari wa mifugo anataka ashuke hadi kilo 20, na kwamba ungependa kumpikia mwenyewe badala ya kumpa chakula cha kiwandani. Nilimpikia mbwa wangu kwa sababu hiyo hiyo mpaka uzito wake ukarudi mahali pake, na bado ninampikia hadi leo, kwa hiyo nitaeleza ninavyofanya na sababu zake.

Kabla ya sufuria kuna hesabu. Mbwa anayepunguzwa hupangiwa chakula kwa uzito anaokusudiwa kuufikia, kwa kuwa ukimpimia kwa kilo 26 utakuwa unayalisha yale yale mafuta unayotaka yaondoke. Madaktari wa mifugo hutumia kanuni ambayo unaweza kuikokotoa kwa simu yako: uzito unaokusudiwa uuzidishe kwa wenyewe mara tatu, yaani 20 × 20 × 20, upate 8,000, tafuta kipeuo cha pili, ambacho ni 89.4; tafuta tena kipeuo cha pili cha jibu hilo, upate 9.46, kisha zidisha kwa 70. Utapata takriban kilokalori 660 kwa siku, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa kiwango hicho, mlo wa siku nzima unaweza kuwa gramu 230 za kidari cha kuku kisicho na ngozi, gramu 80 za wali, gramu 150 za maharage machanga ya kijani, gramu 120 za boga na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, vyote vikipimwa baada ya kuiva isipokuwa mafuta. Jumla yake ni karibu kilokalori 600, na zile 60 zinazobaki ndizo za vitafunio, ambavyo havipaswi kuzidi sehemu ya kumi ya kalori za siku. Utaona kwamba nyama haikupunguzwa sana, na nimefanya hivyo kwa makusudi: mbwa anayepewa protini kidogo wakati wa kupungua hupoteza misuli pamoja na mafuta. Kinachopunguzwa ni wanga na mafuta, na nafasi yake tumboni hujazwa na mboga zenye maji na nyuzinyuzi nyingi.

Kuku ninamchemsha bila chumvi wala kiungo chochote, kisha ninaacha mchuzi upoe kwenye jokofu mpaka mafuta yagande juu, niyakwangue yote kwa kijiko. Mchuzi uliobaki una harufu ile ile anayoipenda lakini umepungukiwa sana kalori, nami humwagia kidogo juu ya chakula. Mboga zinahitaji ujanja zaidi. Mbwa wangu alikuwa akiyachambua maharage kwa ulimi na kuyaacha ukingoni mwa bakuli, yamelambwa yakang'aa; nilipoanza kuyakata vipande vidogo na kuyakoroga ndani ya boga lililopondwa, hakuweza tena kuyatenga. Mlo huo ugawe mara mbili kwa siku, na umhamishe kutoka chakula cha zamani pole pole kwa muda wa wiki moja hivi ili tumbo lisivurugike.

Sasa nakuomba usome sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote. Mlo niliouandika hapo juu haujakamilika. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mbwa anayelishwa hivyo kwa muda mrefu hunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochunguza mapishi 200 ya mbwa mwaka 2013, waligundua kwamba asilimia 95 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Unga wa maganda ya mayai huongeza kalsiamu, lakini hauleti zinki, shaba, iodini, vitamini D wala vitamini E ya kutosha. Kwa hiyo mpelekee daktari wako orodha ya viungo na gramu zake, akupangie unga wa madini na vitamini uliotengenezwa kwa ajili ya chakula cha mbwa kinachopikwa nyumbani. Vidonge vya vitamini vya binadamu viache kabisa, kwani vitamini D ikizidi humdhuru mbwa.

Nunua mizani ya jikoni, kwa sababu vikombe na makadirio ya macho hudanganya. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120, karibu sehemu ya tano ya chakula chake cha siku nzima. Waambie pia wote wa nyumbani kwamba kitafunio chake sasa ni kipande cha karoti, na kwamba vitunguu, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti, mifupa iliyopikwa na chochote chenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari) haviingii kinywani mwake hata kidogo.

Ataomba, na itakuuma. Ukilegea, kumbuka utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador uliochapishwa mwaka 2002: waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Mpime kila wiki kwa mizani ile ile. Kupungua kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, yaani kati ya gramu 260 na 520 mwanzoni, ni mwendo salama. Akizidi hapo, mwongezee chakula. Papasa pia mbavu zake: zikifikia hali ya kuhisika kama mifupa ya mgongo wa kiganja kilichonyooshwa, yu karibu na uzito wake. Akikaa wiki tatu au nne bila kushuka ilhali unapima kila kitu, punguza kilokalori kwa asilimia 10, ukianzia na wali, na umwombe daktari ampime damu kuangalia tezi ya thairoidi, kwa maana tezi hiyo ikizembea, chakula peke yake hakitamshusha.