Mmemwita mgonjwa mkutanoni, kwa nini amenyamaza?

Muuguzi mmoja wa Bukavu ameniandikia. Wamemwalika mtu aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili kwenye mkutano wa CODESA, ile kamati ya wakaaji inayofuatilia mambo ya afya ya eneo lao, naye akanyamaza mpaka soda zikaisha. Sasa muuguzi anauliza kama kweli watu hawa wana la kusema.

Wanalo. Ila mmemketisha peke yake katikati ya wenye vyeo, na karatasi za Kifaransa mmempa asubuhi ileile.

Iteni watatu, mwanamke awemo, tena wachaguane wenyewe, maana mkiwachagulia mtaokota yule mpole asiyewabishia. Siku chache kabla, kaeni nao saa moja muwasomee ajenda kwa Kiswahili, nao waongeze yao. Hapo ndipo mnasikia yasiyofika kwenye ripoti: dawa iliyokwisha katikati ya mwezi, mgonjwa aliyefungwa kamba kwenye chumba cha maombi.

Anzeni saa nne, si saa mbili. Aliyemeza chlorpromazine, dawa ya ugonjwa wa akili, usiku huamka na kichwa kizito. Haloperidol, dawa nyingine ya ugonjwa huo, nayo huweza kumnyima mtu utulivu wa kukaa kitini: akiinuka akatembeatembea nyuma ya viti, mwacheni, anawasikia. Mikono ikimtetemeka, msimpe fomu ajaze mbele za watu. Na jina la ugonjwa wake halimhusu mtu pale.

Pesa ya moto, yaani nauli ya pikipiki, ndiyo huharibu kila kitu. Mkubwa anasaini perdiem, posho ya siku, mgonjwa anaambiwa asante. Mlipeni siku ileile, sawa na wengine.

Ndugu wanaomtunza wapewe kikao chao. Wakiketi ubavuni mwake, watajibu wao, na mara nyingi wanataka alazwe zaidi wakati yeye anataka kurudi kazini.

Msidhani mnamfadhili. Kongo iliingia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na mkataba huo unawahusu pia wenye ulemavu wa akili wa muda mrefu. Kifungu cha 4, aya ya 3, kinaidai serikali iwashauri watu hao, kupitia mashirika yao, inapotunga sheria na sera.

Sasa PV, ile ripoti ya mkutano. Iandikwe kilichoombwa, kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu yake. Isomwe kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa. Kama ni dawa, andikeni jina la atakayekwenda ofisi ya zoni ya afya na tarehe yake, na mkutano ujao ufunguliwe kwa jibu lake.