Muulize Fundi: Mashine ya kufyekea shamba la Ganda

SWALI: Shikamoo fundi. Nina ekari 3 za minazi na mikorosho huku Ganda, Malindi. Masika ikipita, nyasi na vichaka hunizidi nguvu, na vibarua wa panga wamepanda bei. Ninunue mashine gani? – Mama mkulima

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua ya petroli, ile ya kuvaa kwa mkanda mabegani. Ya kusukuma kwa magurudumu iache, hiyo ni ya bustani za hoteli. Kwako kisiki cha kwanza tu kitapinda kisu.

Kwenye nyasi funga uzi wa nailoni, kwenye vichaka kisu cha chuma. Karibu na mkorosho mchanga zima mashine, upalilie kwa jembe. Uzi ukimenya ganda la shina mzunguko mzima, mti unakufa.

Sasa mafuta, na hapa nakusihi. Nyingi za mashine hizi ni za tu-stroki: hazina tangi la oili, oili huchanganywa na petroli. Kitabu cha mashine kikisema 1:50, yaani oili sehemu moja kwa petroli sehemu 50, tia mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kikisema 1:25, tia 40. Pima kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa kifuniko. Naletewa pistoni zilizokwaruzika mpaka zikaganda ndani ya silinda, kisa petroli tupu.

Kabla ya kuiweka stoo, mwaga mafuta yaliyobaki, uiwashe mpaka izime yenyewe, kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) isizibe.

Miwani na buti usikose. Watoto na mbuzi wakae mita 15. Kisu hurusha mawe ya matumbawe kwa kasi kubwa.