Nilihama Isevya nikaenda pande za Kwihara, mkuu kabla hujabeba godoro soma hii

Mkuu umesema umepanga Cheyo hapa Tabora mjini chumba na sebule, una nyumba yako nje ya mji umeshapaua, vyumba viwili vina milango, vilivyobaki madirishani ni turubai, na unataka kujua uhamie hivyohivyo uachane na kodi au uvumilie mpaka umalize. Wadau karibu wote wamekwambia hamia hata kesho, kwako ni kwako. Mi siwapingi ila naona wengi hawajawahi kulala huko na mtoto anachemka homa Januari ya mvua, kwa hiyo ngoja nikupe yangu. Nina mwaka wa nne sasa pande za Kwihara, kabla ya hapo nilipanga Isevya, mtaa wa mjini, miaka saba.

Kwa wasiopajua, Kwihara ni kule lilipo tembe la Livingstone, ile nyumba ya zamani aliyokaa yule mvumbuzi Mwingereza, kutoka Tabora mjini ni kama kilomita sita. Sita tu. Na hizo sita ndo ziliniponza, maana nilijiambia kilomita sita kitu gani bwana, mtu wa Dar anaamka Chanika anakwenda kufungua duka Kariakoo kila siku ya Mungu na halalamiki. Nilichosahau ni kwamba mtu wa Chanika ana daladala, mi nina bodaboda, halafu mtu wa Chanika anakwenda mara moja na kurudi mara moja. Mimi nilikuwa na familia.

Isevya kodi ilikuwa elfu 80 kwa mwezi. Nikahama nikiwa na furaha kinoma, elfu 80 yangu inabaki mfukoni. Mwezi wa kwanza hela ikaisha tarehe kumi na nane. Nikasema labda ni gharama za kuhama. Mwezi wa pili ikaisha tarehe kumi na tano. Hapo nikachukua daftari la dukani (nauza spea za baiskeli na pikipiki) nikawa naandika kila anayetoka nyumbani na kurudi wiki nzima. Mimi siku sita, kwenda na kurudi, kumi na mbili. Watoto wawili shule bado ilikuwa mjini, wanapanda boda moja, siku tano, kumi. Mke wangu, mama Neema, soko mara tatu, sita. Halafu zile za ujinga: dawa ya kikohozi, gesi imekata, nimesahau funguo za duka, ndugu kalazwa, tano. Jumla safari thelathini na tatu, kila moja buku mbili, wiki moja elfu 66. Kwa mwezi unazungumzia kama laki mbili na sitini na kitu, mtu aliyekimbia kodi ya elfu 80!

Na ujue hizo safari Isevya nazo zilikuwepo, ila zilikuwa za miguu kwa hiyo hakuna aliyeziona. Mchana nilikuwa narudi kula nyumbani, dakika kumi. Chumvi ikiisha mtoto anatumwa na sufuria iko jikoni. Kwihara chumvi ikiisha mwanzoni tulikuwa tunakula bila chumvi, kweli kabisa, siku moja tumekula kisamvu hakina chumvi watu wazima na akili zetu. Kwa hiyo mkuu usihesabu kilomita, kaa na mkeo muandike safari za wiki moja za kila mtu ndani ya nyumba, hata zile za kwenda kusuka, halafu kila moja uiwekee nauli. Ukimaliza ndo uje uniambie unaokoa nini.

Kitu kingine ambacho wanaume tunakiruka. Mimi nilikuwa na duka mjini, watu wangu wote nawaona mchana, jioni narudi kulala. Aliyehama kweli ni mke wangu. Isevya alikuwa na wenzake pale bombani, wana upatu wao, mtu akiumwa wanapika uji wanapeleka, mtoto akirudi shule mama hayupo anaingia nyumba ya pili anakula. Huku tukamweka kwenye nyumba haina plasta, jirani wa karibu ni mwendo wa mita mia mbili na hajamjua. Upatu ukamshinda mwezi wa tatu maana kila Jumamosi ya kukutana ni nauli. Siku moja nimerudi nikamkuta kakaa kwenye ngazi, nikamuuliza vipi mama Neema, akanijibu, "Umenileta kulinda kiwanja." Hakugombana wala nini, akaingia ndani akanitengea chakula. Nilikosa usingizi siku hiyo. Na alikuwa sahihi, kwa sababu kilichonikimbiza ni maneno ya watu kwamba ukiacha nyumba tupu wataiba milango.

Kuhusu umeme na maji ntaongea kwa kifupi. Umeme: fundi aliyenifungia waya alilipua kazi, ukaguzi ukakataa, nikamtafuta simu haipokelewi, nikatafuta mwingine akabomoa nusu, mpaka taa inawaka ni miezi mitano. Nikawa natania dukani kwamba mwaka 1872 Livingstone naye alikaa hapohapo Kwihara kama miezi mitano akisubiri wapagazi waliotumwa kutoka pwani na Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemtafuta, kwa hiyo ni mila ya eneo. Kagua kazi ya fundi kabla hujammalizia hela, basi.

Maji ndo uwe makini. Mjini tunaringa siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika, sio ile enzi ya kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, lakini kufika mjini sio kufika kwako, nenda kaangalie kwa macho bomba la mwisho liko wapi. Mi nilichimba kisima cha mkono, mwezi wa tatu maji yamejaa tele nikajiona mjanja, mwezi wa tisa nikateremsha ndoo ikarudi na tope. Kiangazi cha Tabora ni kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi huko, kisima usikipime wakati wa masika. Kilichoniokoa ni gata na simtanki. Piga hesabu hii: bati lenye eneo la mita za mraba 100, mvua ya milimita kumi tu ni lita elfu moja, yaani mvua mbili za kawaida simtanki la lita elfu mbili linajaa. Mimi ningeanza na simtanki kabla ya fensi, nilianza na fensi, upumbavu.

Sasa hiyo fensi. Nilivyofika kitu cha kwanza nilipandisha tofali pande tatu, mtu wa mjini kaja. Salamu nilikuwa natoa ila za juu juu, za kwenye pikipiki (nilishanunua pikipiki mtumba kufikia hapo). Kulitokea msiba nyumba ya tatu nikatuma elfu tano kwa mtoto. Zamu ya sungusungu, ule ulinzi wa usiku wa wananchi wenyewe, ikifika kwangu nalipa hela ya kukwepa, nalala. Na sungusungu huku sio mchezo, kitu chenyewe kilianzia hukuhuku kwetu Unyamwezini na Usukumani miaka ya 1980 mwanzoni, wazee wanakichukulia serious hasa. Mi nikaona hela yangu inatosha.

Basi Januari moja, mvua imenyesha siku tatu, saa nane usiku mdogo wake Neema anachemka, anatapika, macho yanageuka. Nikawasha pikipiki, mke kapakia mtoto nyuma, hata mita themanini hatujafika. Kile kipande cha kutoka kwangu mpaka barabara kubwa ni udongo mweusi wa mbuga, ukilowa unanata kama ugali wa mhogo, ukajaa kwenye madigadi mpaka tairi halizunguki kabisa, pikipiki inanguruma imesimama palepale. Nikampigia bodaboda ninayemwamini akasema kaka mi naishia barabarani, ukifika nipo, humo siingii. Nachokonoa udongo kwa kijiti, mke analia, mara nasikia sauti gizani, "Baba Neema, mbona tochi inahangaika huko?" Ni mzee jirani, yuleyule ambaye ukuta wangu ulimzibia njia yake ya mkato. Hakuuliza mara mbili. Kaenda kafunga ng'ombe wawili kwenye mkokoteni anaobebea tumbaku, mama na mtoto wakafunikwa turubai, mimi nasukuma nyuma miguu peku, ndala zilibaki kwenye tope mpaka leo sijui ziko wapi. Karibu dakika arobaini mpaka barabarani. Malaria. Mtoto akatibiwa, alhamdulillah yuko darasa la pili sasa.

Keshokutwa yake nikaenda na kilo mbili za sukari kumshukuru, nikamuuliza mzee nakudai shilingi ngapi, nilichanganyikiwa hata maneno nikayageuza, nilitaka kusema unanidai. Akacheka sana. Akasema, "Mwanangu, wewe njoo tu kwenye zamu."

Nikaenda. Zamu ya kwanza nilisinzia wakanimwagia maji. Lakini kuanzia hapo ndo nikaanza kuishi Kwihara, maana kule kwenye moto ndo nilijua shule ya msingi ya karibu mwalimu wa darasa la kwanza ni mtu makini, nikawahamisha watoto, safari kumi kwa wiki zikafutika. Ni hukohuko waliponiambia hakuna anayeuza nyanya na chumvi mpaka mbali, mama Neema akafungua kagenge barazani. Ilianza na beseni la nyanya na viberiti, sasa hivi anauza mpaka mafuta ya kupima, na wanawake wote wa huku lazima wapite kwake, upatu mpya wameanzishia hapo na yeye ndo kijumbe, mkusanya hela. Juzi nimerudia hesabu ya daftari: safari kumi na tatu kwa wiki, nyingi kwa pikipiki yangu mwenyewe.

Kuhusu shule zingatia na kitu kimoja ambacho wageni wa Tabora kinawashangaza, jua letu linachelewa. Mwezi wa saba linachomoza karibu saa moja kamili. Mtoto wa kusoma mjini lazima atoke saa kumi na mbili, ni giza kabisa, njia ina mbwa. Hicho peke yake mi naona ni sababu ya kuhamisha shule.

Faida sasa, maana nisije nikakukatisha tamaa. LUKU yangu naimaliza mwenyewe. Kama umewahi kupanga nyumba ya wapangaji sita mita moja, mmoja ana friji la kuuzia barafu na anachangia sawa na wewe mwenye taa mbili, unajua ninachosema. Choo changu mwenyewe. Kuku thelathini na kitu, mayai sinunui. Kiwanja kilikuwa na miembe mitatu mikubwa ya zamani nikakataa kuikata fundi alivyotaka, mwezi wa kumi na moja watoto hawadai chai. Mvua zikianza mke na wenzake wanaingia porini asubuhi wanarudi na uyoga beseni limejaa, sisi tunakula, unaobaki anauza. Nimejifunza kupenda nsansa, ile mboga ya majani ya kienyeji, nikiwa na miaka arobaini, mimi niliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo pale mjini. Usiku kimya, hakuna baa inayokupigia spika mpaka alfajiri.

Wageni wanapungua, hiyo sijui niiweke faida au hasara. Wa kupitia salamu dakika tano hawaji tena, ila anayekuja anakuja kulala maana saa mbili usiku hapati usafiri wa kurudi, kwa hiyo tenga godoro la akiba. Ng'ombe wa wafugaji wanakula mchicha, hilo hata usipigane nalo, panda mbali na njia. Mchwa: mbao zisilale chini hata siku mbili, nilipoteza mirunda ya elfu sitini hivyohivyo.

Sasa jibu lako. Nyumba kutokwisha sio tatizo, turubai dirishani watu wamelalia miaka. Angalia vitu hivi: maji mwezi wa tisa yanatoka wapi, mtoto atasoma wapi, na mkeo mchana atakuwa na nani. Kama hata viwili huna majibu endelea kulipa kodi Cheyo. Na kabla ya kuhama nenda ukalale siku mbili, ila nenda mwezi wa kwanza, usiende mwezi wa saba ukaona barabara kavu ukafurahi. Ukifika pita kwa mwenyekiti ujitambulishe, uliza mpaka wako kwa majirani wote wanne wakiwepo, na kama eneo halijapimwa pita ofisi ya ardhi kwanza ujue limepangiwa matumizi gani, kuna jamaa yangu mmoja kajenga kwenye hifadhi ya barabara, anasubiri tu alama nyekundu ya kubomolewa.

Umeuliza pia fensi ya tofali au ya michongoma. Mi ile pande ya nne sijaijenga mpaka leo, mkokoteni wa mzee unapita hapo. Ngoja niishie hapa kuna mteja anataka tyubu ya 28, bei za mafundi wa kisima ntakuwekea jioni.